Betri ya Mwakani

Mbarouk wa Edmonton alikuwa na ugonjwa mmoja: kungoja betri. Gari lake la umeme, analofanyia teksi, lilikuwa limechoka. Baridi ikiingia tu chaji inashuka, na kila akiambiwa abadilishe, jibu lake mwakani. Mwakani zinatoka betri za sodiamu, hiyohiyo iliyomo kwenye chumvi, wala hazijali baridi. Mkewe, Ummukulthum, alishachoka kuzisikia. Betri gani hiyo, mwaka wa tatu iko njiani?

Asubuhi moja ya Januari binti yao Haifa akashikwa na uchungu, mumewe yuko Pemba msibani. Ummukulthum akataka kuita ambulensi. Mbarouk akakataa; gari si lipo mlangoni? Ajabu ya mtu huyu! Jana yake, baada ya khitma ya msiba huo, alikuwa amewarudisha watu makwao, huyu mtaa wa Kilburn, yule Queensbury, mwisho wa jiji, maana kumwambia mtu wa kwao apande basi, kwake ni aibu. Kisha akalala bila kulichaji.

Barabara kuu foleni haisogei, theluji inaanguka. Chaji asilimia tisa, mara saba. Mbarouk akazima hita ili wafike. Kiti cha nyuma Haifa anauma ncha ya mtandio wake.

"Baba Haifa," mkewe akasema taratibu, "hatufiki. Mtoto anatoka hapahapa."

Chaji ilikuwa imebaki asilimia tano. Akiendelea, huenda wakafika hospitali. Au huenda gari likazima katikati ya njia na mtoto akazaliwa kwenye jokofu. Alijilaani kimoyomoyo kwa ubishi wake. Akaegesha pembeni, akapiga simu ya ambulensi, akawasha hita mpaka mwisho.

Joto likaja. Kazi ya Ummukulthum ni kuhudumia wazee, hajapata kumzalisha mtu, lakini mikono yake haikusita. Mtoto akatoka kimya. Kimya hicho kikarefuka, Mbarouk roho juu, mpaka kikasikika kilio.

Mbarouk akampokea mjukuu ndani ya mtandio, akamwadhinia sikio la kulia. King'ora kilikuwa kinasikika kwa mbali gari lilipozima na hewa ya moto ikakoma. Haifa akafumbua macho, akamtazama baba yake.

"Baba," akasema, "huyu kakataa kungoja mwakani."