Siku Nilipoliharakisha Kufuli la Dunia

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka hadi nikachoka, lakini siku ile mbele ya skrini ya Hajji Kasimu pale Mbarara niliomba ardhi ipasuke inimeze.

Nilikuwa nakaa Kashojwa, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, najifunza kuandika programu kwa kompyuta kuukuu ya kanisa iliyotegemea sola (wingu likipita, imezima). Mtandaoni kuna programu ya kufunga siri ambayo watu wa dunia nzima huitengeneza kwa kujitolea, yeyote anaruhusiwa kutuma marekebisho, na Hajji, mwenye duka la kompyuta, alikuwa ameniahidi kwamba wakipokea kazi yangu hata moja ataniajiri. Basi nikapekuapekua, nikakuta sehemu inayokagua neno la siri herufi kwa herufi, na hata ya kwanza ikiwa si yenyewe, inaendelea tu hadi ya mwisho. Nikasema huu ni upuuzi wa watu wenye umeme wa kuchezea! Nikaiamuru ikikuta kosa ikome hapohapo, nikatuma, mashine ikaijaribu ikarudisha alama ya kijani.

Kijani tu, jamani, hakuna binadamu aliyekuwa ameisoma. Mimi huyo mbio kwa Mama, nimekubaliwa! Jumapili Mama akasimama kanisani kushuhudia kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "Mutoto wangu anafunga siri za bantu ba dunia yote!", vigelegele vikapigwa, na kesho yake tukapanda gari la Mbarara, mimi, Mama na kitenge chake cha sikukuu, na mchungaji (nani alimwalika sijui hadi leo). Njiani ndipo nilipoanza kujiuliza, hivi kijani ndiyo kukubaliwa?

Hajji akafungua ukurasa kwenye skrini kubwa, wateja wakasogea. Jibu lilikuwa limefika, dunia nzima inaliona.

"Soma na sauti, ssebo, bwana mukubwa, sisi wote nasikia," Hajji akaniambia.

Nikasoma huku jasho linanitoka. Wameikataa. Kufuli linalokataa haraka, waliandika, linamfundisha mwizi amekosea wapi: anapima muda wa jibu, anabadilisha herufi mojamoja, mwisho anaingia. Ndiyo maana lazima likague hadi mwisho ndipo lijibu.

Mchungaji akakohoa. Mama akaninong'oneza, "Sasa banakubali ao banakatala?"

"Wamekataa, Mama."

Hajji akazima skrini. "Kazi hapana sasa. Wewe iko na haraka mingi."

Kuikosa kazi kuliniuma, sikatai, ila kilichonimaliza ni Jumapili iliyofuata. Mama alivaa kitenge kilekile, akasimama mbele ya watu walewale, akasema, "Bandugu, nilishuhudia mbio. Bamekatala. Mutuombee." Akakaa. Nami nimeinama, natazama viatu vyangu, aibu yangu kaibeba yeye.

Baadaye nilituma marekebisho mengine, madogo. Kijani ikaja, nikanyamaza. Mtu akayasoma akayasifu, nikanyamaza. Mama, ambaye uso wangu anausoma kuliko mimi, akauliza, "Bamekubali?"

"Bado, Mama. Acha nifike herufi ya mwisho."