Mulcreeny wa mwisho Kilvarna na mgeni aliyeomba kisahani

Ni saa mbili asubuhi, manyunyu hayakatiki, na Concepta Mulcreeny anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu tu. Sehemu iliyobaki iko ndani ya kaburi analochimba kwa mkono, upande wa zamani wa makaburi ya Kilvarna, kaskazini mwa kaunti ya Kerry, ambako mawe yamebanana kiasi kwamba mashine haipiti.

Anarusha udongo, anaegemea sepeto, anamkagua mwandishi kuanzia viatuni.

"Nani kakutuma?"

Gazeti.

"Gazeti gani? Na hilo gazeti limeambiwa na nani?"

Anaelezwa. Anaomba kitambulisho, anakisoma mbele na nyuma, kisha anakirudisha kikiwa na alama ya dole gumba la udongo. "Haya, uliza. Ila nikinyamaza, ujue nimenyamaza."

Concepta ana miaka sitini na mitatu. Kazi hii aliirithi kwa baba yake miaka thelathini na mmoja iliyopita. Kwa mwaka huchimba makaburi kama ishirini, euro mia nne kila moja, na kamati ya parokia humwongezea kidogo kwa kukata majani. "Mwaka ambao watu wamekuwa wagumu kufa, nakaa na koti ndani ya nyumba," anasema. "Mafuta ya kupasha nyumba yamepanda. Lakini siwaombei mabaya. Andika hivyo, nisije nikasemwa."

Katika parokia nzima, yeye peke yake ndiye anayeitwa Mulcreeny. Wazazi wake wako hapa, hatua sita kutoka anapochimba. Kaka yake Dermot yuko hapo pia. Kaburi la ukoo limebakiza nafasi ya jeneza moja, na hana haja ya kusema ni la nani.

Kuhusu jina lenyewe, Kilvarna wana maelezo matatu. Wapo wanaosema Mulcreeny wa kwanza alikuwa mtunza kengele ya watawa, zamani za kale, na kazi ya makaburi ilifuata hapo. Wengine wanasema alikuwa mwizi wa kengele hiyo hiyo. Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kuleta maelezo ya tatu, marefu, yenye wafalme ndani yake.

"Yote matatu siyaamini," anasema Concepta. "Ila la mwizi lina ukweli kidogo. Ungemjua babu yangu!"

Mashaka hayo kwa kila mtu hakuzaliwa nayo. Aliyapata miaka tisa iliyopita, na aliyemletea anaitwa Dwight.

Dwight alitoka Chicago, kofia ya kijani kichwani, akijitambulisha kwa jina la Mulcreeny. Alilia kaburini. Alikaa kwa Concepta siku nne, akala viazi, kabeji na nyama ya nguruwe, akamwita binamu. Concepta alimwonyesha kila kitu, hata barua za mama yake. Mwezi mmoja baadaye gari la mizigo likashusha jiwe jeusi la kaburi, limenakshiwa, lenye majina ya mababu ambao hakuna aliyewahi kuwasikia. Chini kabisa lilikuwa jina la Dwight mwenyewe, limeshachongwa, linamsubiri.

"Nikaja kuambiwa parokia mbili nyingine zina jiwe kama hilo hilo," anasema. "Kila moja na babu zake. Na picha yangu kaiweka mtandaoni, nimeshika sepeto, anauzia watu vyeti vya ukoo. Mimi! Sijawahi hata kupiga picha ya harusi."

Jiwe la Dwight sasa ni ngazi ya kuingilia banda la vifaa. Limelazwa kifudifudi. Concepta hulikanyaga kila asubuhi, na hafichi kwamba humfurahisha.

Ndiyo maana Februari mwaka huu, barua ilipofika kutoka Tasmania, upande wa pili wa dunia, ikiwa na jina la Mulcreeny nyuma ya bahasha, aliiacha mezani siku mbili bila kuifungua.

Mwandishi wa barua alikuwa Neville Mulcreeny, miaka sabini na moja, mfungashaji wa matufaha aliyestaafu, mkazi wa bonde la Huon. Dada yake Merle alikuwa amefariki. Merle aliomba majivu yake yazikwe Kilvarna, kwa watu wake. Je, dada Concepta angeridhia?

Kwa utaratibu wa parokia, kaburi la ukoo halifunguliwi bila sahihi ya mwenyewe. Na mwenye kutia sahihi anakiri mbele ya kitabu kwamba anayezikwa ni wa ukoo huo.

"Majivu hayachukui nafasi," anasema Concepta. "Jina ndilo linachukua. Leo namkubali Merle, kesho Neville anataka na yeye, keshokutwa wanakuja wote. Mimi nitakwenda wapi? Kule makaburi mapya, jirani na uwanja wa mpira, nilale na watu wa mjini Tralee nisiowajua?"

Jirani yake Timmy Joe Hanafin, mwenye mashine ndogo ya kuchimbia upande mpya, alimwona akizunguka na barua hiyo mfukoni wiki nzima.

"Connie, mjibu mtu wa watu," alimwambia.

"Nimjibu nini? Simjui."

"Wewe hata malaika akija utamwomba kitambulisho."

"Na akikataa kutoa, nitajua siyo malaika."

Hatimaye alijibu, lakini kwa mtego. Aliandika ujumbe kwa simu kwamba mazishi yatakuwa Jumatatu, saa nne asubuhi.

Kilvarna kaburi halifunguliwi Jumatatu. Hakuna aliyeandika mahali popote, na hakuna anayefundishwa. Hata padri, aliyetoka mbali huko Kerala, alishalijua kabla hajamaliza wiki mbili. Mazishi yakilazimika kuwa Jumatatu, mtu huenda makaburini Jumapili na kugeuza pande moja la udongo na majani yake, ili kaburi lihesabike limefunguliwa siku iliyotangulia. Kwa akina Mulcreeny kuna sharti la ziada. Anayegeuza lazima awe na jina hilo.

Concepta alijiambia kwamba mtu wa kwao kweli angeshtuka akisikia Jumatatu. Angeuliza. Angeomba Jumanne.

Jibu la Neville lilikuja kabla ya saa moja kupita: Jumatatu ni sawa kabisa, asante sana.

"Umeona?" Concepta alimpelekea Timmy Joe simu hadi mlangoni. "Siyo wetu huyu."

"Labda huko kwao siku zinatangulia," alisema Timmy Joe. "Sisi tukiwa Jumapili, wao wameshaingia Jumatatu."

"Cheka tu. Sahihi ni yangu."

Neville aliwasili Ijumaa, mrefu, mpole, masikio makubwa, mkononi ana jalada nene la karatasi na begi lenye chombo cha majivu. Alifikia nyumba ya wageni. Concepta alimkaribisha chai. Mkate haukukatwa.

"Aliangalia shamba kupitia dirisha," anasema. "Mara mbili. Nilihesabu. Nikamuuliza, unaangalia nini? Ati, ng'ombe. Ng'ombe wawili wale wana nini cha kuangaliwa?"

Neville alimwomba alifungue lile jalada. Alikataa, akasema hana miwani. Miwani ilikuwa kichwani. Timmy Joe aliposikia habari za masikio, akamkumbusha kwa simu kwamba marehemu Dermot naye alikuwa na masikio hayo hayo.

"Masikio hata punda anayo," alijibiwa.

Karatasi ya sahihi ilibaki ndani ya droo, tupu. Concepta alipanga kwenda nayo ikiwa vile vile Jumatatu saa nne na kumwambia mgeni mbele ya padri: rudi na majivu yako. Maneno alikuwa ameshayapanga. Anakiri alikuwa akiyafanyia mazoezi akisuuza vyombo.

Jumapili, saa saba mchana, mlango ukagongwa.

Neville alikuwa amevaa koti la Misa. Hakuwa na jalada.

"Samahani, dada Concepta. Una sepeto la kuniazima? Kesho ni Jumatatu."

Bila kubadili uso, Concepta akauliza, "Kwani Jumatatu kuna nini?"

"Hata sijui," alisema mzee huyo, akaona haya. "Bibi yetu alikuwa hataki kusikia. Kaburi la Jumatatu, lazima mmoja wetu aende Jumapili kugeuza. Sisi tulidhani ni kichaa chake tu, maana pale bondeni hakuna mwingine anayefanya. Ulipoandika Jumatatu nikajua umenipa nafasi nimfanyie Merle kama bibi alivyotaka. Nilifurahi sana."

Concepta anasema hapo aliuona mtego wake ukimrudia, lakini hakulegea. Habari za Jumatatu mtu anaweza kuzipata popote siku hizi. Dwight naye angeweza kuzipata.

Ndipo Neville akaongeza, "Na kisahani kimoja. Chochote. Hata chenye ukingo uliovunjika."

Anapofika hapa, Concepta anaacha kuchimba. Anatoka kaburini kwa kukanyaga ngazi fupi, anakaa ukingoni, anafuta mikono kwenye suruali.

Mama yake, anaeleza, alikuwa akifunika kile kishimo cha Jumapili kwa kisahani, kikiwa kimegeuzwa, ili kaburi lisilale wazi. Hakuwahi kusema kwa nini. Hakuna nyumba nyingine Kilvarna inayofanya hivyo. Concepta ameendelea kufanya hivyo, na kwa miaka thelathini na mmoja parokia imemcheka. Timmy Joe humuuliza kila mara kama marehemu atapenda na sukari.

Alimwacha mgeni mlangoni, akaingia jikoni, akapiga simu.

"Timmy Joe, ni wewe umemwambia?"

"Nimemwambia nani, nini?"

"Kisahani!"

"Connie, mimi tangu Alhamisi niko kitandani na mgongo. Huyo mtu wako hata sijamtia machoni."

Akapigia nyumba ya wageni. Mgeni alikuwa ameongea na nani tangu aje? Na mtu mmoja tu, aliambiwa: alimuuliza mwenye nyumba kama mayai ni ya hapa hapa.

Akatoa sepeto, lile butu, kusudi. Akatoa na kisahani cha bluu, cha mama yake. Akamfuata kwa nyuma, hatua kumi, akijifanya anakwenda kuangalia geti.

Neville alikata pande la udongo kwa shida, kwa kuwa sepeto lilikuwa butu, na hakulalamika. Aligeuza pande, majani chini. Akapiga magoti, akafunika kishimo kwa kisahani, akakigandamiza kwa kiganja mara mbili, kama anavyotulizwa mtoto aliyelala.

"Mama alikuwa anafanya hivyo," anasema Concepta. "Mara mbili. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasahau. Nikalia. Andika tu, si umekuja kuandika? Nililia pale getini mpaka ng'ombe wakageuka. Tangu Dermot afe sijaona mtu mwingine akipiga magoti hapo kwa jambo letu."

Anavuta pumzi. "Halafu nikamwambia asije akadhani nimemwamini."

Merle alizikwa Jumatatu saa nne. Sahihi ilikuwapo. Siku hiyo mkate ulikatwa, na kabeji ikapikwa, na Concepta akapata miwani.

Jalada lilikuwa la nyumba zote za Mulcreeny ambazo Neville ameweza kuzipata katika miaka kumi na minne ya kuandika barua. Ni kumi na tisa tu. Kumi na mbili ziko bonde la Huon, zote zimetoka kwa bibi na babu waliopanda meli na mtoto mmoja. Nne ziko Liverpool. Mbili ziko Kanada, nazo hazijibu barua. Chicago hakuna hata moja.

"Nilitafuta Chicago vizuri," Neville alimwambia. "Hakuna."

"Ningekwambia mimi bure," alijibu Concepta.

Chini kabisa ya karatasi, chini ya neno Kilvarna, kulikuwa na mstari mmoja. Jina lake, peke yake, pembeni wazi.

Neville aliutazama mstari ule pamoja naye. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na wewe, dada, nani atakugeuzia?"

"Hayakuhusu," alimjibu.

Lakini yalikuwa ndiyo yayo hayo aliyokuwa akijiuliza tangu Dermot afe. Jeneza watu watabeba. Timmy Joe atasaidia kuchimba, mgongo ukimruhusu. Mazishi yakiangukia Jumatatu, lile pande la kwanza lingegeuzwa na nani, wakati jina limekwisha? Neville alirudi kwao Alhamisi bila jibu, akiwa amebeba mayai sita ambayo yalikamatwa uwanja wa ndege.

Mvua imekatika. Timmy Joe anapita nje ya ukuta, anatembea akiwa amejikunja, anapaza sauti: "Mwandishi! Kakuomba cheti cha ubatizo?"

"Endelea na safari yako," Concepta anamjibu.

Jikoni kwa Timmy Joe, kwenye mlango wa friji, ipo karatasi yenye mwandiko wa Concepta. Ina namba ya Neville, na chini yake ya binti yake Glenda. Juu imeandikwa: *Huyu apigiwe kabla ya padri.* Kutoka bondeni Huon hadi Kilvarna ni mwendo wa siku moja na nusu, ndege zikikubaliana.

"Kwa hiyo nimeshamwambia Timmy Joe nitajitahidi kufa mwanzoni mwa wiki," anasema Concepta, akishuka tena kaburini. "Ili wapate muda wa kufika kabla ya Jumapili, nami nizikwe Jumatatu."

Basi sasa anaamini kwamba Neville ni Mulcreeny?

"Bado. Nimemwambia alete cheti cha bibi yake. Chenyewe, siyo kopi." Anachomeka sepeto, analikanyaga, anarusha udongo mara tatu kabla ya kuendelea. "Anakuja nacho mwezi wa tisa, na huyo Glenda. Nitamtazama vizuri anavyoshika sepeto."

Na kisahani cha bluu?

"Kiko dirishani jikoni. Neville anajua kilipo," anasema. "Nilimwonyesha."