Nakala Mia Tatu Kabatini

Wanafunzi walimwita Mama Chapa, ingawa kwenye barua yake ya ajira aliandikwa karani. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika chumba kisicho na dirisha, na mlango wake mmoja ulifungukia ofisini kwa mwalimu mkuu. Akitaka kwenda msalani, anapita mbele ya mkuu. Akipiga chafya, mkuu anamwambia pole.

Humo alichapa mitihani, barua na, kila mwisho wa mwezi, gazeti la wanafunzi. Mhariri wake alikuwa binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Shule nzima ilimwita Redio, maana kunyamaza hakukujua. Nafasi ya kusoma pale aliipata kwa sababu mama yake mdogo alikuwa mfanyakazi.

Mwezi ule Redio aliandika kuhusu maabara, iliyofungwa mwaka wa pili sasa. Alichungulia dirishani, akahesabu hadubini sita zikiwa bado ndani ya maboksi. Akaandika kwamba kidato cha nne wataingia kwenye mtihani hawajawahi kushika hata chupa ya kupimia. Alipomwuliza mkuu sababu, alijibiwa, "Hilo halikuhusu." Akaliandika jibu hilo kama lilivyo.

Mama Chapa alisoma, akacheka, kisha akachapa nakala mia tatu. Karatasi zilikuwa bado na joto mkuu alipoingia kutafuta stepla. Alisoma akiwa amesimama. Hakupaza sauti. Alizibeba zote, akazifungia kabatini.

Asubuhi akamwekea karani wake karatasi mezani. Ilisema kwamba Redio aliingia chumbani bila ruhusa na kuitumia mashine kwa siri.

"Saini hapa. Mtoto atakaa nyumbani wiki mbili, yaishe," alisema mkuu. "Usiposaini, itabidi niseme ni wewe. Ijumaa bodi inakuja, na lazima watasikia."

"Lakini mkuu, wewe mwenyewe umeiomba bodi fundi wa maabara. Barua zote tatu nilizichapa mimi. Kwa nini usimweleze mtoto?"

"Ili bodi wasome gazetini kwamba nawachongea?" Mkuu alijifuta uso kwa kiganja. "Na mimi nina watoto, mama."

Siku nzima ile karatasi ilikaa mbele yake. Kila alipoinua macho aliuona mgongo wa mkuu, na ng'ambo ya mgongo ule ndiyo njia pekee ya kutokea. Akisaini, anamsingizia mwanawe. Asiposaini, kazi imekwenda, na nafasi ya mtoto nayo.

Jioni, wakiosha vyombo, alimwambia Redio yote. Mtoto alikausha sahani moja muda mrefu.

"Mama mdogo, nimeandika uongo wapi? Nionyeshe mstari."

"Uongo haumo. Ungekuwemo ningejua la kufanya."

"Basi saini. Mimi nitarudi baada ya wiki mbili. Wewe hawatakurudisha."

Maneno yale yalimchoma kuliko vitisho vya mkuu. Kesho yake aliigeuza ile karatasi, akaandika nyuma yake: *Gazeti nilichapa mimi, mezani kwangu, saa za kazi, baada ya kusoma kila neno.* Akasaini. Mkuu aliisoma, akaitia kwenye droo. Hakumfukuza, wala hakumwambia amesamehewa.

Ijumaa Mama Chapa aliketi pembeni kuandika kumbukumbu za kikao. Kabla hata kikao hakijafunguliwa, mwenyekiti wa bodi alitoa mfukoni karatasi ya daftari. Redio na wenzake walikuwa wameinakili habari kwa mkono na kuwapa wajumbe getini, kwa adabu zote, shikamoo juu.

"'Hilo halikuhusu,'" mwenyekiti alisoma. "Mwalimu, ulisema hivi kweli?"

Mkuu akajibu, "Nilisema. Na kwenu niliandika barua tatu."

Mwenyekiti akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

Fundi aliletwa baada ya wiki tano, maabara ikafunguliwa. Ila zile nakala mia tatu hazikutoka kabatini, na karatasi ya Mama Chapa ilibaki kwenye droo, mkuu akiweza kuitoa siku yoyote. Tena bodi ikaagiza kila toleo lipitiwe na mkuu kwanza.

Toleo lililofuata Redio aliandika habari ya barua tatu zisizojibiwa. Mkuu, aliyezituma barua hizo mwenyewe, aliikata kwa wino mwekundu.

"Hapa niweke nini?" Mama Chapa alimwuliza Redio kwa kunong'ona, ukurasa ukiwa na nafasi tupu katikati.

"Usiweke kitu. Acha peupe."

Mama Chapa alikiangalia kisogo cha mkuu kupitia mlangoni. Akabonyeza kitufe cha kuchapa. Kufika mapumziko, shule nzima ilikuwa inaulizana pale peupe palikuwa na nini, na Redio alikuwa anamjibu kila aliyeuliza.