Handaki Ndani ya Mto Mkavu

Kambi ya vitani haianzi na hema, inaanza na jembe. Unachimba mahandaki, unaiweka bunduki ya rashasha mahali inapoona njia yote, kisha unazungusha seng'enge na kuning'iniza makopo matupu ili adui akiigusa yapige kelele. Hema ni baadaye, kama mna nguvu iliyobaki.

Nilikuwa koplo, kaskazini, jangwani. Kilimani palikuwa mwamba mtupu, jembe liliruka tu. Chini palikuwa na mto mkavu wenye mchanga laini, nikaamuru handaki la rashasha lichimbwe humo. Mimi nimekulia Kaloleni, mtaa wa mji wa ziwani, na siku za mapumziko nilishinda ufuoni Dunga. Kwetu maji hupanda polepole, watu huhamisha vyombo huku wakipiga soga. Mbingu juu yetu ilikuwa safi. Sikuuliza mtu.

Mpiga rashasha alikuwa rafiki yangu wa Asembo, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa hilo hilo.

"Koplo, umetuletea ufuo," alinitania. "Sasa dagaa wetu, omena, wako wapi?"

"Chimba, omera, ndugu yangu. Ukipata maji, mimi nitasonga ugali."

Wenzetu walicheka. Niliwaachia amri ya kawaida: mtu asiiache bunduki mpaka nimwite mwenyewe. Nikaenda upande wa pili kufunga makopo.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali, hatukuiona. Tuliposikia mngurumo nilidhani ni malori ya adui. Nikapaza sauti, "Kila mtu akae hapo alipo!"

Naye alikaa. Maji yalikuja ya kahawia, yamebeba miti mizima, yakapita juu ya handaki. Tulimpata chini kabisa, mkanda wa risasi ungali begani.

Nyumbani kwao walielezwa kwamba aliuawa vitani. Niliyaacha maneno hayo yasimame miaka mingi. Mwaka jana nilikwenda Asembo, nikaketi mbele ya mama yake, ambaye sasa ni mzee sana, nikamweleza jinsi ilivyokuwa.

"Huyo alizaliwa ziwani," akasema. "Alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Maji gani ya jangwani yalimshinda?"

"Mama, nilimwambia asitoke."

"Aliyasikia yakija?"

"Aliyasikia. Sote tuliyasikia."

Akaniambia niinuke, niende zangu kabla wanawe wengine hawajarudi kutoka ziwani, kwa sababu siku hiyo hiyo angewaambia kwamba ni amri yangu iliyomuua ndugu yao.

Niliinuka, nikaenda.