Walisema Ni Roho, Kumbe Ni Kifua

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili. Nimezika wake wawili na malandilodi watatu waliosema watanifukuza, nyumba yangu imechomeka mara mbili, tingatinga limepita mara moja, na bado niko hapa kijiji cha Raila. Hizo nyumba za mawe mnazolala Kawangware, nyingi nimezipiga plasta mimi. Muulize fundi yeyote wa umri wangu, kama utampata hai. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona makosa someni tu.

Kitu imenishinda ni kifua. Pumu. Simiti ya miaka arobaini iliingia ndani ikakataa kutoka. Wakati wa mvua napumua kama watu. Lakini kuanzia Januari, jua likiwaka na vumbi ikipanda, kifua kinapiga filimbi. Daktari wa kliniki, msichana mdogo tu, alinipa inhela mbili. Akasema, "Guka, hii ya kahawia ni asubuhi na jioni, kila siku, hata ukijisikia mzima. Hii ya bluu ni kifua ikikaza. Na jua la saa sita usitembee kwa vumbi." Nikamwambia mimi si guka wake, babu yake amtafute kwao.

Ile ya kahawia niliacha mwezi wa kumi na moja, maana nilikuwa mzima. Nani anatumia dawa akiwa mzima? Ile ya bluu nilimpa mkwe wangu, bibi ya kijana wangu, akae nayo, nikamwapisha asiseme kwa mtu. Mimi ndiye mpiga ngoma mkubwa wa kanisa letu. Mpiga ngoma haonekani akinyonya plastiki.

Jumapili moja mwezi wa pili tulitoka kanisani Sarang'ombe kwa mguu, kanzu nyeupe, bendera mbele, tukienda kuabudu na wenzetu wa Kawangware. Jua lilikuwa juu ya utosi. Lori likatupita na vumbi lake. Nikapiga ngoma, nikapiga, kisha pumzi ikagoma. Nikaanguka magoti, mabega yanapanda yanashuka, macho yametoka. Nataka kusema "inhela", inatoka "hii, hii, hii" tu.

Kanisani kwetu mtu akitetemeka hivyo, mnajua wanasema nini. "Roho imeshuka kwa Mzee!" Kinamama wakapiga vigelegele, wakanizunguka wakirukaruka, vumbi ikazidi. Mwingine akachukua ngoma yangu akaipiga vibaya. Nakufa na bado nasikia anavyokosea.

Mkwe wangu ndiye alipasua ule umati. Sisi watu wa Magharibi, mkwe hamgusi baba ya bwana yake, hata mkono hawapeani. Yeye alinishika shingo, akanifunika kichwa na leso, na huko ndani ya leso akanitia inhela mdomoni. "Vuta, Baba. Shikilia. Tena." Watu wakadhani ananifunika kwa heshima ya Roho.

Niliposimama wote walinisogelea. Askofu wetu akauliza, "Mzee, umeonyeshwa nini?" Hapo ningesema ukweli. Nikasema nimeonyeshwa kifua changu kimeoshwa, na sitashika dawa tena. Hakuna aliyenisukuma. Ile amen ilikuwa tamu, siwadanganyi.

Tulipofika nyumbani mkwe aliniuliza, "Baba, mimi nimevunja mwiko nikuokoe, na wewe umesema nini?" Nikamwambia anyamaze. Hata asante sikusema.

Sasa kuna mama mmoja wa Kisumu Ndogo, kijiji jirani, anakaanga samaki wa omena, ana pumu kama mimi. Alisikia ushuhuda wangu, akaja kwangu wiki hii akicheka. "Mzee, hata mimi nimeacha! Inhela nimetupa kwa choo. Mungu wako si ndiye wangu?" Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi kuliko changu. Nikasema, "Haleluya, Mama." Halafu nikaenda choo cha ploti, nikafunga mlango, nikavuta mara mbili ile yangu ya bluu, siku hizi naificha mwenyewe.

Nimechoka. Nimechoka kujificha chooni kama mvuta bangi. Jumapili hii tunatembea tena, njia ile ile, jua lile lile, wanataka nishuhudie Kawangware. Huyo mama amesema atatembea kando yangu. Nikisema ukweli nitaitwa mwongo mpaka kaburini. Nikinyamaza, sijui kaburi la nani litatangulia. Wakati mwingine nasema nitoe hiyo inhela mbele ya askofu na ngoma zote niivute waone, lakini nikifikiria zile nyuso, mkono unakuwa mzito.

Nyinyi mngefanyaje? Niambieni kabla ya Jumapili, na msinitukane sana, pumzi ya kujibu sina.

Anayesema natunga, shahidi ni mkwe wangu. Leso bado iko na vumbi ya hiyo siku. Shahidi wa pili ni mama wa omena. Huyo mumuulize mapema.