Aliyenibebea Mtoto Kwenye Feri

Usiniambie nilikuwa na homa. Shemeji yangu dereva ameshaniambia hivyo, mume wangu ameniambia hivyo, na nesi mmoja wa Arua alinipa vidonge vya malaria bila hata kunigusa paji la uso. Sikuwa na homa. Nilikuwa na hasira, na hasira si ugonjwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua likiwa utosini, na mtoto anayehusika amelala hapa kando yangu ninapoandika. Ukitaka kubisha, subiri nimalize.

Mimi ni mtu wa Koboko. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili na Zaitun wangu alikuwa na miezi minane. Baba yake aliondoka mtoto hajaweza kushika shingo. Aliaga kwamba anakwenda Arua mara moja kutafuta spea ya baiskeli. Spea gani hiyo inatafutwa miezi sita?

Asubuhi moja nilikwenda Arua kuuza ufuta, Zaitun mgongoni, nikitegemea kurudi jioni. Pale sokoni nikamkuta shemeji yangu, binamu wa mume wangu, mtu wa Pajulu anayeendesha lori la samaki wakavu. Alikuwa ameketi juu ya gurudumu la akiba akitafuna muwa.

"Shemeji," akaniambia, "mume yako si amepotea. Iko kule Ssese, kwa kisiwa. Anavuta nyavu. Amenona mpaka shingo imeingia ndani."

"Yuko peke yake?"

Akatema makapi ya muwa, akaanza kulitazama tairi kama hajawahi kuliona. "Mimi ni mutu wa lori, shemeji. Mambo ya nyumba ya watu sijui."

Basi nikajua.

"Unarudi huko lini?"

"Sasa hivi. Nangoja injini inywe maji tu."

"Ninapanda."

Akacheka. "Na hizo ndala?"

"Na hizi hizi ndala."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda kisiwani. Sikupanga. Nilikuwa na kanga moja ya ziada, nepi tatu, na gunia la ufuta ambalo halikupata mnunuzi. Nilipanda kwa hasira, na hasira ile, niamini, iliisha kabla hatujafika mbali. Tulipopita Inde nilikuwa bado natunga matusi. Kufika darajani Pakwach nilikuwa nayasahau. Baada ya hapo tulingoja nusu siku askari wa kutusindikiza, kwa sababu barabara ya Karuma wakati ule, kwa ajili ya waasi, haikupitwa kienyeji, na Zaitun alikuwa anaota meno. Alilia. Akilala anaruka, akiamka analia. Usiku nililala juu ya magunia nimekunja miguu kama kuku wa kupelekwa sokoni. Kampala niliipita nimesinzia. Masaka siikumbuki kabisa. Siku ya tatu, karibu saa sita mchana, lori likashuka mpaka majini, na mbele yetu palikuwa na feri.

Sijawahi kuchoka vile. Unajua kuchoka mpaka mikono si yako? Nilikuwa nimesimama kando ya ukingo wa feri, mtoto analia, watu wanageuza nyuso, shemeji amelala usingizi ndani ya kabini yake. Ndipo nikasikia mtu akisema nyuma yangu, kwa Kikakwa safi cha nyumbani:

"Lete mtoto, dada yangu. Mgongo wako umekufa."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, kitenge cha manjano cha mtindo wa zamani, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka chini ya masikio. Nusura nilie. Kikakwa, kule! Nikamuuliza, "Wewe wa upande gani, mama?"

"Wa kule kule mtoni," akasema, akanyoosha mikono.

Nikampa.

Najua unachofikiri. Mama gani anampa mtoto mtu asiyemjua? Lakini sisi tuliokimbia mwaka sabini na tisa tuna tabia ambayo wengine hamwezi kuielewa. Serikali ilipoanguka, na baba zetu wengi kule Koboko walikuwa wanajeshi wake, tulivuka mto Kaya kuingia Sudani, na kila mama alikuwa na watoto wengi kuliko mikono. Kwa hiyo mtoto alipewa yeyote. Ukisikia mtu anasema lugha yako, unampa. Unachana kipande cha kitenge chako, unakikata viwili, kimoja unafunga kwenye mkono wa mtoto, kingine kwenye mkono wa yule atakayembeba, ili ng'ambo uwatambue. Huulizi jina. Kambini tukaendelea hivyo hivyo miaka yote, na tuliporudi nyumbani tukarudi na tabia yetu. Mimi nimesoma mpaka sinia ya nne, yaani kidato cha nne, lakini mikono yangu haikusoma. Mikono ilisikia Kikakwa ikatoa mtoto.

Na Zaitun akanyamaza. Siku tatu za kilio zikakatika kama umefunga bomba. Nilipaswa kushtuka. Nilipaswa kuona kwamba mkata tiketi alimpita yule mama kana kwamba anapita mlingoti. Nilipaswa kujiuliza kwa nini pindo la kitenge chake lilikuwa linachuruzika maji, na sisi tuko juu ya chuma kikavu kinachochoma miguu. Niliyaona yote. Nilichofikiri ni kimoja tu: asante Mungu, nipumzike.

Tuliposhuka kisiwani alikuja nyuma yangu, mtoto kifuani kwake. Shemeji akanionyesha njia kwa kidole. "Fuata pwani. Utawaona." Hakusema utamwona. Alisema utawaona.

Pwani ile ni nzuri, sitadanganya. Mchanga mweupe kama unga wa muhogo, msitu umeinama mpaka karibu na maji, ndege wanapiga kelele. Palikuwa na wazungu wawili wamelala juani kama samaki wa kukaushwa, kumbe wamelipa nauli kwa ajili hiyo. Nilipita nikiburuta ndala, na mbele kidogo nikamwona baba Zaitun. Ameketi kivulini anashona wavu. Kando yake mwanamke kijana anageuza samaki kwenye moto, na amevaa shati la mume wangu, lile nililolipiga pasi siku ya harusi ya dada yangu.

Aliniona. Unajua alisema nini?

"Mama Zaitun! Sasa kuku umeachia nani?"

Kuku! Nilimwambia ya kuku. Nilimwambia ya spea ya baiskeli. Nilimwambia kwamba mama yake mzazi anaomba chumvi kwa majirani huku yeye anageuziwa samaki. Yule mwanamke wa shati akasema kwa sauti ndogo, "Aliniambia hana bibi," nami nikamwambia, "Dada, kaa, wewe umedanganywa tu, sina neno na wewe." Mume wangu akainua mikono: "Polepole, wazungu wanasikia." Basi nikapaza zaidi, wasikie.

Sijui nilipiga kelele muda gani. Kilichonikatiza ni maziwa. Yalishuka yenyewe, pande zote mbili, yakalowesha blauzi. Ndipo nikakumbuka kwamba nina mtoto.

Nikageuka. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Kwenye mchanga zilikuwapo nyayo zangu tu. Kando ya nyayo hizo palikuwa na mburuzo wa maji, kama mtu ameburuta nguo mbichi, na mburuzo huo uliacha njia ukashuka ziwani. Nikaufuata kwa macho. Alikuwa majini, maji yamefika kifuani, anatembea taratibu kwenda mbele. Zaitun hakuwa tena kifuani kwake. Alikuwa amemweka begani, ameshika miguu yake kwa mkono mmoja. Kwetu hakuna anayebeba mtoto wa miezi minane hivyo. Ila mtu anayevuka mto.

Nilikimbia, nikaingia na nguo zangu. Nilitukana, nililia, nilimwita mama, nilimwita shetani. Hakugeuka mpaka nilipokuwa karibu kumgusa. Alipogeuka, kitambaa cha kichwani kilikuwa kimeteleza, na sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika kuanzia tundu la hereni mpaka chini.

Ninamjua huyu. Miguu yangu ilijua kabla ya kichwa.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, si mama yangu, si mume. Mwaka sabini na tisa nilikuwa na miaka minane. Penye kivuko cha Kaya mama mmoja mwenye sikio lililochanika alinipa mtoto wake mchanga. Alichana kitenge chake cha manjano, akatufunga mikono, akaniambia, "Tangulia, narudi kumchukua bibi yako huyu," akimwonyesha kikongwe aliyekaa chini. Nikamweka mtoto begani nikaingia. Katikati, mawe yalikuwa na utelezi. Sikumtupa. Naapa sikumtupa. Aliteleza, na maji yakawa yanakwenda upesi.

Ng'ambo nilikifungua kile kipande cha kitenge nikakizika mchangani. Yule mama alipovuka, alipita kwa kila mtu pale ukingoni, wakubwa kwa wadogo, akiuliza swali moja. Aliponifikia hakunitambua, sote tulikuwa matope matupu. Aliniuliza, "Ulipewa mtoto?" Nikasema, "Hapana." Aliuliza siku mbili. Siku ya tatu watu walimwona anarudi mtoni, na hakutoka.

Na sasa yuko mbele yangu, katika ziwa lisilohusiana kabisa na Kaya, mwanangu begani kwake. Ananitazama bila chuki. Alikuwa amechoka. Nilikuwa nimefikiri mimi ndiye niliyechoka. Akaniuliza:

"Ulipewa mtoto?"

Wewe ungejibu nini? Ulimi ulitaka kusema hapana. Ulikuwa umezoea.

"Ndiyo," nikasema. "Nilipewa. Alinitoka. Nikakudanganya."

 Mawimbi yalikuwa yanapita kwangu, kwake hayakupita. Kisha akauliza, polepole, kama anaogopa jibu:

"Alilia?"

"Hakulia, mama. Alinishika nywele. Mpaka mwisho alikuwa amenishika nywele."

Akafumba macho. Halafu, na hapa ndipo wanaposema nilikuwa na homa, sikuona akinipa. Sikuona akiondoka. Nilimwona amefumba macho, kisha nikawa peke yangu majini na Zaitun yuko begani kwangu, mkavu kuanzia unywele mpaka kidole. Vidole vyake vilikuwa vimeingia ndani ya nywele zangu na kuzikaza. Mkononi mwake palikuwa na kipande cha kitenge cha manjano, mafundo mawili, kama yule mama alivyofunga kule mtoni.

Mume wangu alikuwa amesimama ufukweni na wavu wake. "Unaingiza mtoto kwa maji namna hiyo? Umepata wazimu?"  Matusi yote niliyoyabeba tangu Arua sikuyaona tena yalipo. Nilipita mbele yake, nikaenda kukaa ndani ya lori mpaka feri ya kurudi.

Njiani nilimuuliza shemeji kuhusu yule mama wa kwenye feri. "Mama gani?" akasema. "Mimi niliamka, nikakuona umesimama peke yako, mtoto iko mgongoni yako, unaongea Kikakwa na hewa. Nikasema, wacha, iko na hasira ya bwana." Basi na yeye akaanza habari ya homa.

Koboko sikuingia nyumbani kwanza. Nilikwenda sokoni. Dada wa yule mama anauza bamia kavu pale. Kila mtu aliyekuwa kambini anamjua kwa habari ya dada yake. Miaka yote nilikuwa nikimpita siku za soko, namsalimia, ananiongezea konzi moja ya bure kwa sababu mimi ni mtoto wa kambi. Nikaketi mbele yake, nikamwambia yote, nikaweka kile kipande cha kitenge juu ya bamia.

Alikitazama sana. "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane, mama."

"Minane," akasema. Akaendelea kupanga bamia zake kwa mafungu. Baadaye akakunja mkeka kabla soko halijaisha, na juma lile wakakaa matanga ya watu wawili, yaliyongoja miaka kumi na minne. Nilipika chai ya waombolezaji. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenikumbatia. Kile kipande walikizika.

Mume wangu alirudi baada ya mwezi, na spea ya baiskeli mkononi. Sikumfungulia.

Kwa hiyo nakuambia, wewe uliyevuka mto wowote mwaka ule, na wewe ambaye umewahi kukabidhiwa kitu cha mtu na ukarudi mikono mitupu: nenda ukaseme. Usingoje kuulizwa mara ya pili. Mara ya pili huulizwi ukiwa mikono mitupu. Unaulizwa ukiwa na mtoto wako. Na anayetaka kukusaidia kubeba, hata akisema lugha ya mama yako, kwanza mfunue masikio.

Zaitun sasa ana miaka mitano. Haogopi maji, hakumbuki lolote. Ila kabla ya siku ile hakuwa na tabia hii: akilala, mkono wake unapanda wenyewe, unatafuta, unaingia ndani ya nywele zangu na kukaza. Unauma. Kuna usiku silali kabisa. Simtoi mkono.