Nilivyoutafsiri Wimbo wa Mama Ntandu

Siku jina langu lilipoandikwa tulikuwa tunakandika ghala la kijiji, huku kwetu Ikungi. Wanaume tulikuwa juu ya paa, wanawake wanapokezana ndoo za udongo, na Mama Ntandu anaimbisha. Mama huyo alikuwa na sauti ya kumfanya mtu aliyechoka aone aibu kukaa. Mwanawe, Ntandu, rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi, alikuwa ananitania kwamba udongo ninaopaka utavuja mvua ya kwanza tu.

Katibu wa kijiji akaja na orodha ya mgambo wanaotakiwa vitani, Kagera. Tulikuwemo wote wawili. Mama Ntandu alinawa mikono, akanishika bega.

"Hamisi, mnakwenda wawili."

"Tutarudi wawili, mama," nikasema. Nilikuwa kijana mjinga, nikidhani vita ni gwaride.

Kule tulikuta nchi ya mvua na migomba. Sisi watu wa mtama na vumbi tuliishangaa. Ntandu alisema akirudi atamweleza mama yake kuwa kuna mahali watu wanaishi ndani ya majani.

Asubuhi moja tulikuwa tumevuka mto, tumelala kifudifudi shambani.

Mizinga ikaanza.

Kipande cha chuma kilimpata Ntandu tumboni. Aliniita kwa jina, mara mbili. Nilipomfikia hakuita tena.

"Mwache! Rudi nyuma!" kamanda akapiga kelele.

Nilikata majani matatu ya mgomba kwa singe, nikamfunika. Nikakimbia.

Baadaye tulisonga mbele kwa njia nyingine. Pale hatukurudi.

Mama Ntandu aliletewa barua iliyosema mwanawe amezikwa kwa heshima zote. Tangu siku hiyo akaacha kuimba. Alisaga kimya, alilima kimya, hata kwenye harusi alikaa na wenzake bila kufungua mdomo. Niliporudi nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Aliuliza, "Amezikwa wapi?"

Nikamjibu kama barua ilivyosema. Ningependa kuandika kwamba niliamriwa kuficha. Sikuamriwa na mtu. Niliogopa macho ya yule mama, basi.

Halafu tukafanyiwa sherehe ya ushindi. Mgeni rasmi alitoka wilayani, akakaa kivulini kwenye kiti chenye kitambaa, akatuhutubia wee mpaka watoto wakasinzia. Kabla ngoma haijaanza, Mama Ntandu akatoka kwenye kundi la wanawake. Hakuna aliyemwita. Akasimama mbele ya meza, akaimba.

Aliimba kwa Kinyaturu. Sauti ilianza na mikwaruzo, kisha ikafunguka yote, ile ile ya ghalani. Wimbo ulikuwa wake mwenyewe. Alisema: Niliwapa mwana mwenye jina, mmenirudishia karatasi. Nani alimlaza? Kichwa chake kilielekea wapi? Aliyemwona aseme, nami nitalia nimalize.

Wanawake wakaanza kufuta machozi. Mgeni akatabasamu.

"Mama anasema nini?"

Mwenyekiti wa kijiji akanionyesha mimi kwa kidole, kwa sababu nilikuwa na sare na Kiswahili cha jeshini. Nikasimama wima.

"Anashukuru kwa ushindi, ndugu mgeni. Anasema yuko tayari kutoa mwana mwingine."

Mgeni akapiga makofi. Meza nzima ikapiga makofi.

Nilisahau jambo moja. Mama Ntandu alikuwa amesoma elimu ya watu wazima, jioni baada ya jioni, akiwa na daftari lake mapajani. Akanigeukia.

"Sikusema hivyo," akasema kwa Kiswahili. "Mwana mwingine sina."

Mwenyekiti alimsikia, akaamuru ngoma zipigwe. Zikapigwa! Watu tuliokula ugali wake, tuliokua kwa nyimbo zake, tukamzima kwa ngoma zetu wenyewe. Nina hasira na mwenyekiti yule hadi leo. Nina hasira na mgeni aliyeondoka ameshiba mbuzi wetu bila kuuliza mara ya pili. Lakini wao hawakujua nililolijua.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa anapepeta mtama. Nikamweleza yote: mto, mizinga, jina langu mara mbili, majani matatu. Hakulia. Ungo ulikuwa umetulia mapajani.

"Mgomba ukoje?" akauliza. Hakuwahi kuuona.

"Ni mrefu, mama. Jani moja linatosha kumfunika mtoto."

"Na yeye alikuwa mkubwa."

"Ndiyo maana nilikata matatu."

Akaokota jiwe dogo kwenye mtama, akalitupa.

"Jana niliuliza mbele ya watu," akasema. "Ungenijibu mbele ya watu, ningemlilia nao. Leo umeniletea peke yangu, nimlilie na nani?"

Akaendelea kupepeta. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuimba tena.